Mwenye Datsun 240Z, usikimbilie JZ kabla hujaijua L28

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwazungumzie wenye Datsun 240Z, gari ambalo Afrika Mashariki halihitaji kutambulishwa. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena. Machache yaliyobaki yamepanda thamani, na kila anayelipata huuliza swali lilelile: nitaliongezaje nguvu? Jibu analopewa siku hizi ni ang'oe injini ya Nissan apachike 1JZ au 2JZ ya Toyota, kwa kuwa injini hizo zimejaa sokoni. Hilo ni jibu la haraka mno. Kabla hujawasha grainda, kuna injini ya ukoo uleule, L28, inayokaa palepale ilipokuwa L24, injini ya asili ya 240Z, bila kukata chuma chochote.

Nianze na hesabu, maana ndizo zinazowapotosha wengi. L24 ya 240Z ina sentimita za ujazo 2,393: upana wa silinda ni milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7. Iliuzwa Marekani ikiandikiwa nguvu za farasi 151. L28 ya Datsun 280Z, ndugu wa baadaye wa 240Z, ina sentimita za ujazo 2,753, yaani milimita 86 kwa 79, lakini iliandikiwa 149. Anayesoma juujuu huona kubwa imezidiwa na ndogo. La hasha. Ile 151 ni kipimo cha zamani, injini ikipimwa peke yake bila feni wala ekzosi ya gari. Ile 149 ilipimwa injini ikiwa imevaa vyake vyote. Kwa kipimo kimoja, L28 iko mbele waziwazi, na iko mbele zaidi pale chini kwenye mizunguko 2,000 hadi 4,000 kwa dakika, ambako ndiko gari la barabarani linakoishi. Tena Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi huku, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Ujazo ndio dawa ya kwanza ya tatizo hilo.

Urefu wa bloku ya L28 ni sawa na wa L24. Mauntingi zinaingia, giaboksi inaingia bolti kwa bolti, na makabureta pacha ya aina ya SU yanakaa bila kuongezewa kitu. L28 inapatikana kwenye Datsun 280C na kwenye Nissan Patrol 160 za petroli za miaka ya 1980, zile ambazo wengi huzichinja ili kuweka injini ya dizeli. Ukiitoa kwenye Patrol, sampu (bakuli la oili) na bomba la kunyonya oili usivitumie. Hamisha vya L24 yako, kwa sababu umbo la sampu hufuata kilicho chini yake, na chini ya Z na chini ya Patrol ni mambo mawili tofauti. Gonga pia vizibo vya maji vya ubavuni mwa bloku uvitoe. Injini iliyokaa miaka bila kizuia kutu huwa imejaa tope nyuma ya silinda ya 5 na ya 6, na hizo ndizo za mwisho kufikiwa na maji baridi. Usipolitoa tope hilo sasa, litakuunguzia gasketi baadaye, na lawama ataibeba radieta isiyo na kosa.

Sasa hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu. Hapa ndipo nguvu hupatikana au hupotea, na hapa ndipo fundi anayebahatisha hugundulika. Ubavuni mwa bloku kuna alama, N42 au F54, na hedi ina yake upande wa plagi: E31, E88, N42, N47, P79 au P90. Usinunue chochote kabla hujazisoma. Bloku ya N42 yenye pistoni zilizochimbwa juu, pamoja na hedi ya N42, hutoa mgandamizo wa 8.3 kwa 1. Ni injini tulivu inayokunywa petroli yoyote. Bloku ya F54 yenye pistoni bapa na hedi ya P79 hutoa 8.8. Bloku hiyohiyo ya F54 ukiivalisha hedi ya N42, mgandamizo unafika karibu 10 kwa 1, na huo ndio mchanganyiko ninaoupendekeza kwa gari la barabarani. Ukiwa na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya wastani, manifoldi ya ekzosi ya mabomba marefu na SU zilizorekebishwa, kati ya nguvu za farasi 170 na 190 kwenye flaiwili ni matarajio ya haki.

Wapo wanaochukua hedi ya E31 ya 240Z za mwanzo, kwa kuwa chumba chake ni kidogo, wakaiweka juu ya pistoni bapa. Mgandamizo unapita 10.5, valvu zenyewe ni ndogo (milimita 42 na 33, wakati za N42 ni 44 na 35), na matokeo yake ni injini inayogonga bila kupumua vizuri. Kugonga ni petroli kujilipukia kabla moto wa plagi haujaifikia, na sauti yake ni kama karanga kavu zinazotikiswa kwenye kopo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba gari hilo huenda lisigonge kabisa Nairobi, kwa kuwa silinda haijai hewa sawasawa. Literemshe Mombasa, likutane na hewa nzito na joto la pwani, litaanza kugonga kwenye kila mlima mdogo. Kwa hiyo taimingi, yaani wakati plagi inapowasha moto, ya gari litakaloshuka pwani ipangiwe pwani: anza na jumla ya digrii 32 kabla pistoni haijafika kileleni, kwenye mizunguko 3,500, kisha panda polepole kuelekea 34 hadi 36 ukisikiliza. Ukiisikia sauti ile, rudi nyuma digrii mbili.

Kosa linalowagharimu watu siku nzima za kazi hutokea wakati wa kutoa hedi. Cheni ya taimingi ya injini za L, inayozungusha kamshafti, inashikiliwa na tenshena (kikazio) yenye pistoni ndogo iliyo ndani ya kifuniko cha mbele. Ukifungua gia ya kamshafti bila kuizuia cheni, pistoni hiyo inaruka nje, na huwezi kuirudisha bila kutoa kifuniko cha mbele, na kifuniko hakikubali kutoka salama bila kulegeza sampu. Dawa yake ni kipande cha mbao ngumu kilichochongwa kama kabari, kirefu cha kutosha kufika chini kabisa. Peleka silinda ya 1 kileleni, tia alama ya rangi kwenye cheni na kwenye jino la gia, shusha kabari katikati ya pande mbili za cheni mpaka ikaze, ndipo ufungue bolti ya gia. Funga kabari kwa waya ili isidumbukie.

Ukiwa umekwisha kutoa kifuniko cha mbele kwa sababu yoyote ile, kumbuka kijiti kinachozungusha pampu ya oili na distribyuta kwa pamoja. Silinda ya 1 ikiwa kileleni kwenye mgandamizo, mkato wa juu ya kijiti hicho, ukiutazama kutoka juu, uelekee kama mshale wa saa 5 na dakika 25, yaani mwelekeo wa 11:25, na nusu ndogo ya duara iwe upande wa mbele wa gari. Ukikosea jino moja, distribyuta itafika mwisho wa mkato wake wa kurekebishia kabla hujaipata taimingi, na utaanza kuzishuku plagi na kabureta bure.

Hedi ikienda kuchongwa, usimruhusu mtu yeyote kufungua vinara vinavyoshikilia kamshafti kabla hujamuuliza sababu. Vilitobolewa vikiwa vimekaa kwenye hedi hiyohiyo, na vikirudishwa vibaya kamshafti haizunguki kwa mkono. Hedi ikipunguzwa unene, kamshafti inashuka karibu na kranki na cheni inalegea, kwa hiyo vinara vinahitaji kuwekewa bati za unene uleule uliochongwa. Baada ya hapo angalia vikofia vidogo vilivyo juu ya valvu. Paka wino wa kuwekea alama kwenye uso wa roka, zungusha injini kwa spana mara mbili, tazama kamshafti imesugua wapi: msuguo uwe katikati ya uso. Ukiegemea ukingo mmoja, badilisha unene wa vikofia. Kamshafti mpya haivumilii roka za zamani hata kidogo. Italika ndani ya siku chache, na chembe za chuma zitateremka moja kwa moja kwenye beringi za kranki. Kama kamshafti yako hupata oili kwa bomba la kunyunyizia lililo juu yake, hakikisha vitundu vyake vyote viko wazi na viungo vyake havitikisiki. Siku ya kwanza kuwasha, shikilia mizunguko 2,000 kwa dakika 20 bila kuiacha ishuke kwenye mzunguko wa kusimama, ukitumia oili yenye zinki ya kutosha.

Gasketi ya hedi ni lazima iwe ya milimita 86. Ya L24 huingia kwenye bolti bila shida, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ukingo wake utaning'inia ndani ya silinda na kuungua. Matundu ya bolti yasafishwe na yakaushwe kwa upepo. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti ikishuka haina pa kuisukumia, na bloku hupasuka. Kaza kwa awamu tatu, ukianzia katikati ukienda nje, umalizie kwenye nyutonmita 75 hadi 80. Mwanya wa valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutolea. Ikishapata moto, upime tena: 0.25 na 0.30.

SU za 240Z zinaitosha L28 kwa matumizi ya barabarani, mradi sindano zake zibadilishwe ziwe za kupitisha petroli nyingi zaidi, la sivyo injini itavuta vizuri chini na kukauka juu. Anza na nati ya jeti mizunguko miwili na nusu kushuka kutoka juu, kabureta zote mbili sawa, kisha usome plagi baada ya kuvuta gia ya tatu kwa nguvu na kuzima hapohapo. Plagi za 1 hadi 3 zikisoma tofauti na za 4 hadi 6, tafuta hewa inayoingia kwenye gasketi ya manifoldi kabla hujagusa sindano. Badilisha pia platini kwa distribyuta ya elektroniki ya Datsun 280ZX, gari lililofuata 280Z, lakini inunue pamoja na kikalio chake, kwa kuwa cha 240Z hakiikubali, na kizuizi cha umeme cha koili kiondolewe kwenye mkondo.

Klachi ina namba moja ya kukariri: 92. Kutoka kwenye uso wa flaiwili mpaka pale uma unapogusa kola ya beringi, ukiwa umeshafunga sahani ya klachi, kuwe na milimita 92. Klachi ya milimita 225 na ile ya 240 zina kola tofauti. Ukichanganya kola ya moja na sahani ya nyingine, giaboksi itakataa gia au klachi itateleza, na dawa yake ni kushusha giaboksi upya. Pima kabla ya kupandisha.

Sasa turudi kwenye JZ, maana sisemi ni injini mbaya. 1JZ-GTE yenye VVT-i hutoa nguvu za farasi 280 na msukumo wa nyutonmita 378. L24 ilitoa takribani 198. Maana yake kila kitu kilicho nyuma ya injini kitabeba karibu mara mbili ya kile kilichoundiwa kubeba. Difu ya asili, R180, haitadumu, kwa hiyo utahitaji R200 iliyo imara zaidi pamoja na upau wa 280Z unaoishikilia nyuma. Ekseli fupi za magurudumu ya nyuma za 240Z, zenye meno 25, hukatika. Za 280Z zina meno 27. Propela ikatwe, iunganishwe na isawazishwe mashineni, na pembe yake ya mbele na ya nyuma zilingane, ama sivyo gari litatetemeka kwenye kilomita 90 kwa saa na hakuna atakayejua kwa nini. Tangi la zamani halina kuta za kuzuia petroli kuyumba, na injini inayopuliziwa petroli kwa injekta huhitaji presha ya bari 3 pale kabureta ilipokuwa ikitosheka na 0.3. Kwa hiyo ukikata kona ndefu tangi likiwa robo, pampu inavuta hewa. Tangi dogo la akiba karibu na pampu si anasa hapo.

Halafu kuna waya. Katika 240Z umeme wote wa altaneta hupita kwenye mita ya ampea iliyo kwenye dashibodi. Altaneta ya asili ilikuwa ya ampea 50. Ukiweka ya 90 ukaacha njia ileile, waya hupata moto nyuma ya dashibodi, na gari huungua likianzia mahali usipopaona. Toa mita hiyo kwenye mkondo, peleka waya mnene wenye fyuzi moja kwa moja kutoka altaneta hadi betri, kisha weka mita ya volti badala yake. Usinunue kabisa 1JZ-FSE, ile yenye maandishi ya D-4. Inaonekana ndiyo ileile na bei yake huvutia, lakini hupuliza petroli ndani ya silinda kwa presha kubwa, na kompyuta za kawaida za mafundi wetu haziwezi kuiendesha. Na kabla ya yote, inua gari, gonga kwa nyundo ndogo mihimili miwili inayopita chini ya sakafu. Bati lake ni jembamba na kutu huanzia ndani. Mhimili unaotoa sauti ya debe hauwezi kushika nyutonmita 378, hata ukiupaka rangi mara kumi.

Wanaotaka zaidi ya 190 bila kutoka kwenye ukoo wana kranki ya LD28, injini ya dizeli ya Nissan ya ukoo huohuo, yenye msafara wa milimita 83. Pamoja na silinda zilizotanuliwa hadi 89 inatoa karibu lita 3.1. Kuta za bloku zipimwe unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti kabla ya kutanuliwa, si baada.

Breki zitangulie injini yoyote utakayochagua. Diski za mbele za 240Z zinapokea kalipa za pistoni 4 za Toyota Hilux ya 4x4 ya mwanzo wa miaka ya 1980, zile zenye alama S12 na 8, kwa bolti zilezile. Kinachokatwa ni bati la kuzuia vumbi tu. Spea hii inapatikana mji wowote. Kwa kuwa pistoni zimeongezeka, pedeli itashuka zaidi, na masta silinda ya inchi 15/16 ya 280ZX hulirekebisha hilo badala ya ile ya 7/8. Breki za ngoma za nyuma zikazwe sawasawa, la sivyo mbele itafanya kazi yote peke yake.

L24 uliyoitoa isiende kwa vyuma chakavu. Mwagia oili kwenye silinda, ziba matundu, ifunge na uihifadhi, kwa sababu gari lenye injini yake ya asili lina bei tofauti kabisa, na mashindano ya magari ya kale yanayofuata kanuni za FIA hudai maumbile ya zama zake. Hapa Kenya namba ya injini imo kwenye logibuku. Ukiibadilisha injini, taarifa hizo zibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe, la sivyo bima itapata sababu ya kukukimbia siku ya ajali.

Kwa wauzaji wa injini za mtumba Kirinyaga Road, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam, nina ombi moja. Andikeni alama ya bloku na ya hedi kwenye kila L28 mnayoipanga nje, na mmruhusu mnunuzi apime mgandamizo silinda zote sita, kabureta ikiwa wazi na plagi zote zimetolewa. Silinda dhaifu isipungue asilimia 80 ya ile iliyo bora. Injini ambayo muuzaji wake anakataa ipimwe, mnunuzi aiache hapohapo ilipo.

Wako,
Fundi wa injini,
Nairobi